Shahidi wa Meza ya Nne

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa doa la manjano kwenye kitambaa cheupe. Lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole gumba changu. Nilikuwa nimechuchumaa uani, nyuma ya mgahawa wa Mama Semeni, nafua vitambaa vya wiki nzima. Hicho kimoja nilikiinua juani kwa sababu nilikifuma mwenyewe na nilijua kila tundu lake.

Nilidhani ni binzari. Nikakipaka sabuni ya mche, nikasubiri. Doa la binzari likiguswa na sabuni hugeuka jekundu kwanza, halafu ndiyo linaanza kutoka. Kila anayeosha vyombo vya mchuzi wa kuku anajua hivyo. Hili halikugeuka. Lilibaki vilevile, manjano iliyofifia, na katikati lilikuwa gumu kidogo kama gundi iliyokauka. Nikalinusa. Lilinuka chuma kilicholowa.

Kitambaa hicho kilikuwa cha meza ya nne. Kazi yake ilikuwa kufunika Pua.

*

Kwa miaka mitatu kabla ya hapo, hakuna mtu Morogoro aliyekula mbele ya mwenzake. Ukavu ulikuwa ugonjwa wa pumzi, na ubaya wake ni kwamba ulikaa kifuani siku sitini bila dalili. Mtu alicheka, alifanya kazi, aliwaambukiza wenzake, na siku ya sitini na moja mapafu yake yalianza kukauka kama ganda la muhogo juani. Wataalamu walisema pumzi ya mtu anayeongea haina nguvu sana. Pumzi ya mtu anayetafuna ndiyo inayobeba.

Ikaja Amri ya Sahani Moja. Chakula kilitolewa dirishani ndani ya mkebe, na mtu alikwenda kula peke yake kwenye kibanda cha plastiki chenye kiti kimoja, akitazama ukuta. Vibanda hivyo vilipangwa kando ya barabara ya stesheni kama vyoo vya kukodi. Majumbani nako watu walikula kwa zamu. Kulikuwa na watoto waliofikisha miaka minne bila kuona mdomo wa mama yao ukitafuna.

Mama Semeni alivumilia mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu aliwakusanya wenzake kumi na mmoja wenye migahawa, wakaenda kuishitaki Serikali.

"Soko limefunguliwa," aliwaambia waandishi siku aliyotoka mahakamani, kanga begani. "Treni inajaa mpaka watu wanasimama. Harusi zinachezwa. Kosa ni sahani yangu tu? Mimi nauza pilau, siuzi maradhi."

Jaji hakumkubalia wala hakumkatalia. Aliagiza jaribio la siku arobaini. Migahawa kumi na miwili ifunguliwe, watu wakae mezani wakitazamana kama zamani, na kila meza iwe na Pua moja. Pua hata moja ikitoa taarifa ya Ukavu, kesi imekwisha na Amri inabaki. Siku arobaini zikipita kimya, Amri inaondolewa.

Aliyezileta Pua alikuwa Daktari Mloka wa chuoni, mwanamke mwembamba ambaye hakunizidi hata miaka kumi. Mfuko wa koti lake jeupe ulikuwa umetafunwa pembeni, kwa sababu alizoea kubeba panya humo. Alizileta ndani ya maboksi yenye matundu, kama vifaranga, akafungua moja mezani mbele yetu. Ndani kulikuwa na kitu cha mviringo, ukubwa wa andazi, kilichofunikwa wavu mwembamba. Chini ya wavu kulikuwa na ngozi ya waridi iliyolowa. Ilikuwa inapanda na kushuka polepole.

"Hii ni nyama?" aliuliza Kibwana, mpishi wetu.

"Ni ngozi hai ya ndani ya pua ya panya buku," alisema daktari. "Tunaikuza chuoni. Zamani tuliwafundisha panya wenyewe kunusa kifua kikuu. Sasa tunakuza pua tu."

"Panya?" Mama Semeni alirudi hatua moja. "Mezani kwangu?"

"Usijali, mama," alisema Kibwana. "Si amesema ni pua tu? Mkia wameuacha chuoni."

Daktari alicheka naye, halafu akatuonesha kwa ncha ya kalamu. "Ikinusa pumzi yenye Ukavu inatoa ute. Ute unajaza mfereji huu hapa, mwembamba kama uzi. Ukijaa unagusa waya, na taarifa inakwenda Idara ya Afya papo hapo. Haiwezi kudanganya. Haijui hata kama kuna kesi."

"Inakula nini?"

"Matone mawili ya maji ya chumvi, asubuhi. Nani atakuwa anazihudumia?"

Mama Semeni alininyooshea kidevu. Nilikuwa mlangoni na ndoo. "Stumai. Haongei, lakini hasahau."

Daktari Mloka alinifuata pale pale mlangoni badala ya kuniita. Sikuzoea. "Dada Stumai, sikiliza. Jua lisizipige. Moshi wa pilipili usizifikie. Na vumbi. Vumbi ndiyo adui yao mkubwa."

Niliitikia kwa kichwa.

Jioni ile Mama Semeni alisimama katikati ya meza zake tisa akaziangalia zile Pua zikipumua. "Umesikia vumbi?" alisema. "Na kitu cha thamani namna hii kinakaaje uchi mbele ya wageni?" Nyumbani kwake redio ina kitambaa, runinga ina kitambaa, chujio la maji lina kitambaa, na kila mgongo wa kochi una chake. Nilitoa uzi wangu wa pamba na sindano. Nilifuma vitambaa tisa, vyeupe, vyenye ua katikati na matundu makubwa. Matundu niliyafanya makusudi, ili Pua zipate hewa. Niliifikiria hewa. Ute sikuufikiria.

Wenye migahawa wengine walikuja kutembea wakaviona. Kila mmoja akataka. Wiki mbili hazikuisha nikawa nimefuma vya migahawa yote kumi na miwili, na kila Ijumaa waliniletea nivifue na kuvipiga wanga, kwa kuwa waliogopa kuviharibu. Hakuna aliyeagizwa na mtu. Ilikuwa adabu tu.

*

Siku ya kwanza ya jaribio alikuja mwanamke mmoja na binti yake mdogo. Mtoto alipoona midomo yote ile inakwenda kwa pamoja, alipiga kelele akaingia chini ya meza.

"Wanafanya nini?" aliuliza kutoka huko chini.

"Wanakula, mwanangu."

"Wote?"

Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mama Semeni alikwenda jikoni akasimama akitazama sufuria, mgongo umetugeukia, mabega yakitikisika. Kibwana alimpa kitambaa cha kufutia vyombo, naye akajifutia uso bila kuuliza ni cha nini.

Meza ya nne kila Alhamisi ilikuwa ya Mwalimu Banzi na wastaafu wenzake watatu. Mwalimu Banzi alinifundisha darasa la tatu na la nne, kabla sijaacha shule. Alikuwa haniachi nipite bila neno.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Huyu mnayemwona," aliwaambia wenzake, "alikuwa anakaa dawati la nyuma kabisa. Majibu yote anayo kwenye daftari, mkono hanyooshi. Nilikuwa natamani nimnyooshee mimi."

Wao wanne walikula pilau kwenye sinia moja. Hawakutaka sahani. Nilipita nikiwanawisha mikono kwa birika, mmoja baada ya mwingine, wakainama wote wanne juu ya sinia, vichwa karibu kugusana, na Pua katikati yao chini ya kitambaa changu.

Doa lile nililikuta kwenye kitambaa hicho.

Nilimpelekea Mama Semeni jikoni, kikiwa bado kibichi. "Mama, angalia."

"Mchuzi huo."

"Binzari ingegeuka nyekundu, mama. Nimepaka sabuni."

Alikichukua. Mama Semeni aliosha vyombo vya watu miaka ishirini kabla ya kupata mgahawa wake. Binzari aliijua kuliko mimi. Alikitazama muda mrefu, akalisugua doa kwa kidole gumba, akanusa kidole. Pua ilikuwa imenusa. Ute ulikuwa umetoka, na pamba yangu ilikuwa imeunywa kabla haujafika kwenye mfereji. Yote hayo niliyaona yakipita usoni kwake moja baada ya jingine, kama yalivyonipitia mimi kule uani.

Kule mbele wateja walikuwa wanagonga vikombe na kuitana.

"Stumai," alisema, hakupandisha sauti. "Hapa wanafanya kazi watu tisa. Wewe unalala chumba changu cha nyuma na hujawahi kuniona nikikuuliza utaondoka lini. Nakuuliza mara moja tu. Huu ni nini?"

Nilitazama miguu yake. "Mchuzi, mama."

"Kifue."

Alhamisi iliyofuata nilijaribu jambo dogo. Niliwapelekea wale wazee sahani nne na kijiko kimoja kimoja, nikazipanga mbalimbali kwenye pembe za meza.

Mwalimu Banzi alizitazama. "Hizi za nani?"

"Zenu, Mwalimu."

"Kwani tumegombana?"

"Labda sinia limetoboka," alisema mwenzake.

"Stumai," alisema Mwalimu, "tumekula miaka mitatu kama mahabusu. Mke wangu amekufa nikiwa nakula chumba kingine. Leo tumeruhusiwa, wewe unatugawa. Nani amekutuma?"

Wote wanne walikuwa wananitazama. Neno lilikuwa moja tu. Ningeweza kulisema kwa kunong'ona na wangelisikia, maana walikuwa wameinama kunisikiliza.

"Sinia ni chafu," nilisema.

"Basi lioshe, tutasubiri. Sisi wastaafu tunakwenda wapi?"

Nilikwenda nikaosha sinia lililokuwa safi. Nikalifuta, nikapakua, nikawaletea. Mwalimu Banzi akanishukuru.

Kesho yake kitambaa cha meza ya nne kilikuwa na doa tena. Na katika kapu la vitambaa vya migahawa mingine nilikuta mengine mawili, moja limekauka kabisa, moja bado linavuta uzi. Niliyatoa kwa limau na chumvi. Ndiyo dawa yake, niliigundua mwenyewe.

*

Siku arobaini zilipita. Afya haikupokea taarifa hata moja kutoka mgahawa wowote. Kule redioni walisema ni ushahidi ambao haujawahi kuonekana.

Wakili wa wenye migahawa aliitwa Rehema Lukwele. Alikuja kuchagua mashahidi. Aliwapitia wafanyakazi wote, akawauliza hili na lile, halafu akasimama mbele yangu nikiwa nasugua sufuria.

"Huyu," alisema.

"Huyo haongei, dada," alisema Kibwana. "Tumeishi naye miaka sita. Akipiga chafya ndiyo tunajua yupo."

"Ndiyo maana namtaka. Jaji amechoka na watu wanaojua kuongea."

Alinifundisha siku mbili. Niseme jina langu, niseme kazi yangu, niseme nilivyoziwekea matone asubuhi. Hakunifundisha kudanganya. Hakujua kwamba kuna cha kudanganya. Mama Semeni hakuwahi kukaa nasi katika mafunzo hayo. Siku ya kesi alinivisha gauni lake la kitenge, likanipwaya, akalibana kiunoni kwa pini akiwa amepiga magoti. Hakunitazama usoni. "Umependeza," aliliambia gauni.

Ukumbi ulijaa. Wapishi, wahudumu, wauza ndizi, watu waliokuwa hawana kazi miaka mitatu. Ukutani walirusha picha kubwa ya meza ya nne, iwe mfano wa jaribio lilivyokuwa. Mwalimu Banzi na wenzake walikuwa wameinama juu ya sinia, na katikati Pua ilikuwa imekaa chini ya kitambaa changu, ua limekaa sawasawa juu yake. Jaji aliitazama. Mawakili waliitazama. Daktari Mloka, aliyekuwa benchi la mbele na makaratasi magotini, aliitazama. Hakuna aliyeona kitu. Kila mmoja wao kwao kuna redio iliyovishwa hivyo hivyo.

Wakili Lukwele aliniuliza yale tuliyojifunza, nikajibu. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na Jaji akawaambia watu wazime feni ili anisikie. Feni zikazimwa. Halafu akasimama wakili wa Serikali, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakunikaripia. Aliniuliza kama anavyouliza mtu aliyepoteza kitu.

"Binti, katika siku zote arobaini, uliona jambo lolote geni? Hata dogo. Hata lile ambalo ulidhani si kitu."

Niliona vichwa vimesogea mbele, safu baada ya safu. Mama Semeni alikuwa amefumba macho. Kibwana alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mwalimu Banzi, pembeni, alikuwa ananitikisia kichwa taratibu kunipa moyo.

"Hapana, mheshimiwa," nilisema. "Zilikuwa safi kila siku. Nilizihudumia kama watoto."

Ukumbi uliguna kwa utamu. Mwanamke mmoja nyuma alisema, "Jamani!" Jaji mwenyewe aliandika. Yule mzee wa Serikali alinitazama kidogo juu ya miwani yake, akakaa.

Amri iliondolewa siku nne baadaye. Mama Semeni alibebwa juu juu mpaka nje. Watu waliviangusha vibanda vya plastiki barabara ya stesheni kwa miguu yao wenyewe, wakavichoma, na moshi wake ukakaa mjini siku mbili. Kila mgahawa uliofungua uliweka vitambaa vyangu mezani, hata pale ambapo Pua hazikuhitajika tena. Waliviona vya bahati. Nilifuma mpaka vidole vikaota sugu.

*

Mwenzake mmoja wa Mwalimu Banzi ndiye aliyeanza kukohoa. Halafu Mwalimu mwenyewe. Halafu wahudumu wa mgahawa wa karibu na soko, watatu kwa siku moja, halafu hatukuweza tena kufuatilia. Hospitali iliweka wagonjwa nyuma ya vioo. Kibwana alipelekwa huko akitembea kwa miguu yake, akawaambia manesi wamuandalie kitanda karibu na jiko. Nilipokwenda kumwona wiki ya pili alikuwa hawezi kutoa sauti. Alinifanyia ishara kwa vidole kwamba uji wao hauna chumvi.

Mwalimu Banzi alikufa Jumamosi. Tulimzika Jumapili, tukisimama hatua nne nne kama ilivyotakiwa.

Amri ilirudi, kali kuliko ya kwanza. Safari hii hata familia hazikuruhusiwa meza moja. Na watu walitaka kujua nani amewadanganya. Gazeti liliandika kwamba Pua zilikuwa mbovu tangu mwanzo. Chuo kilikusanya zote kikazichoma. Daktari Mloka alifukuzwa, na picha yake ikawekwa ukurasa wa kwanza, amefunika uso kwa mkono, mfuko wa koti umetafunwa.

Kisha wenye migahawa wakarudi mahakamani. Safari hii walikuwa wanakishitaki chuo na Daktari Mloka mwenyewe, kwamba waliwapa vifaa vibovu wakaua wateja wao. Mama Semeni aliweka saini ya kwanza. Nilikuwapo. Aliiweka haraka, kama mtu anayeng'oa mwiba, halafu akaenda kukaa jikoni peke yake bila kuwasha moto.

Wakili Lukwele alinifuata tena. Alikuwa amekonda. "Wewe ndiye shahidi wetu wa kwanza, Jumatano," alisema. "Sema tu ulivyozihudumia, kama mara ile. Na lile neno lako la watoto, lirudie. Watu bado wanalikumbuka."

*

Jumatatu mchana Daktari Mloka alikuja mgahawani. Dirisha la chakula lilikuwa limefungwa, viti vimepandishwa juu ya meza. Mimi nilikuwa nasugua sakafu ambayo hakuna aliyeikanyaga. Hakuwa na koti. Nilimtambua kwa namna alivyosimama mlangoni badala ya kuniita.

"Sijaja kukuomba chochote, dada Stumai," alisema. "Najua utakuwa upande wao. Nataka kujua tu. Nilificha Pua mbili wasizichome. Ziko chumbani kwangu. Nimezipelekea pumzi za wagonjwa kwenye chupa, mara ishirini, mara thelathini. Zinatoa ute kila mara. Kila mara. Za kwenu kwa nini hazikutoa? Nimekosea wapi? Sipati usingizi."

Niliweka brashi chini.

"Zilitoa, daktari."

Aliingia ndani hatua moja.

"Hapa kwetu mara mbili ninazozijua. Mbili zote meza ya nne. Kwa migahawa mingine mara tisa, mpaka siku arobaini zilipokwisha. Vitambaa viliunywa ute kabla haujafika kwenye waya. Madoa niliyatoa kwa limau na chumvi."

Alishusha kiti kimoja kutoka mezani akakaa.

"Vumbi," alisema. "Nilikwambia vumbi." Akajishika paji la uso. "Ile picha mahakamani niliiona. Niliitazama kabisa. Nikasema moyoni, angalia walivyozitunza." Alicheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kukisikia. "Kwa mama yangu hata birika la umeme lina kitambaa. Ningewaambia neno moja tu, msifunike. Sikuwaza."

"Kosa la kufunika si lako wala langu," nilisema. "La baadaye ndilo langu."

"Mama Semeni anajua?"

"Anajua kuhusu kimoja."

"Utayasema haya Jumatano? Mbele yao wote?"

"Nitayasema."

"Watakufukuza. Mama Semeni atashitakiwa. Na wewe uliapa, Stumai. Unaweza kufungwa."

"Najua."

Alinisogelea, akanishika mkono wenye sabuni. Alikuwa amepoteza kazi yake, jina lake, na Pua zake zote ila mbili, na bado alikuwa anatafuta namna ya kunisitiri. "Sikiliza. Waambie ulitishwa. Ni kweli, si ndiyo? Binti wa kuosha vyombo, mwoga, analala kwenye nyumba ya tajiri wake, amezungukwa na mawakili. Kila mtu ataelewa. Mimi mwenyewe naelewa. Uliogopa."

Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu. Maisha yangu yote nimeitikia kwa kichwa, na watu wamejaza maneno yaliyobaki wenyewe.

"Jikoni niliogopa," nilisema. "Kizimbani sikuogopa, daktari. Yule mzee aliponiuliza, feni zilikuwa zimezimwa na watu wote wale walikuwa wananisubiri mimi. Jibu la kweli nilikuwa nalo mdomoni. Nikaona lipi litawafurahisha, nikawapa. Neno la watoto hakunifundisha mtu, nililiongeza mwenyewe. Walivyoguna, nilifurahi. Nilifurahi njia nzima ya kurudi nyumbani. Siku tunamzika Mwalimu Banzi nilisimama hatua nne kutoka kaburini, nikawa nalirudia moyoni polepole, kama watoto, kama watoto, kwa jinsi lilivyokuwa limetoka vizuri."